Tumbo linalosokota na maziwa yanayorudi: kumtuliza mtoto mchanga kwenye baridi ya Nyanda za Juu Kusini

Kabla ya kumbembeleza mtoto, jua unabembeleza nini. Kuanzia Uyole hadi Mafinga, mtoto wa wiki tatu akilia usiku jibu huwa moja: ana mchango. Neno hilo limebeba mambo mawili tofauti, na linalosaidia moja si lazima lisaidie jingine.

La kwanza ni msokoto wa tumbo. Mtoto ni mzima, ananyonya, ananenepa, mchana hana neno. Jua likizama anaanza. Uso unamwiva, ngumi kazifumba, magoti kayakunja hadi tumboni, tumbo limekaza kama ngoma, anajamba, na saa mbili tatu zinapita bila kunyamaza. Kipimo cha zamani cha madaktari, kilichoandikwa Marekani mwaka 1954, kinahesabu kwa tatu: kilio cha zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa zaidi ya wiki 3. Siku hizi hawasubiri wiki tatu zipite ndipo wamsikilize mama. Hali hii huanza wiki ya 2 au ya 3, hupamba moto karibu na wiki ya 6, na kwa watoto wengi huwa imekwisha kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Chanzo chake si kimoja: utumbo bado mchanga, vijidudu vyenye faida havijakaa sawa ndani yake, na mtoto mwenyewe hajajua kujituliza baada ya kutwa nzima ya sauti, mwanga na mikono ya wageni.

La pili ni kucheua. Juu ya tumbo la chakula kuna msuli unaofunga njia ili kilichomezwa kisirudi. Kwa mtoto mchanga msuli huo bado unalegea ovyo, koo la chakula ni fupi, chakula chote ni maji, na muda mwingi amelala. Maziwa yanarudi. Kucheua huongezeka hadi karibu na mwezi wa 4, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa, na wengi huwa wameacha kabla ya mwaka 1. Mtoto anayecheua kijiko kimoja au viwili kisha anatulia, anakojoa vizuri na uzito unapanda, huyo andaa vitambaa tu. Wa kumfanyia kazi ni yule anayelia katikati ya kunyonya, anajipinda kwa nyuma kama upinde, anaachia titi kisha analitafuta tena, anakohoa au kupaliwa akilazwa.

Kinachoyaunganisha mawili haya ni hewa. Mtoto anayelia anameza hewa, hewa inajaza tumbo, tumbo lililojaa linasukuma maziwa juu, nayo yakipanda na asidi yanaunguza, basi analia zaidi. Ndiyo maana kazi kubwa iko kwenye kunyonyesha, kabla kilio hakijaanza. Watu wengi huanza kuhangaika saa mbili usiku mtoto akiwa tayari amevimba, wakati kosa lilifanyika saa kumi na moja.

Anza kwenye titi

Mnyonyeshe anapotoa dalili za mwanzo: anageuza kichwa huku na huku, anafungua mdomo, ananyonya ngumi. Kilio ni dalili ya mwisho. Ukimwekea titi akiwa analia, atavuta maziwa na hewa kwa pamoja. Mtulize kwanza dakika mbili kifuani, halafu umpe.

Tumbo la mtoto wa wiki moja linachukua takriban mililita 45 hadi 60, kama yai la kuku. Hivyo kidogo na mara nyingi ndiyo kanuni, mara 8 hadi 12 kwa saa 24. Mama anayetoka shambani au dukani baada ya saa nne, matiti yamejaa, akamnyonyesha mtoto mpaka ashindwe, asishangae nusu ikirudi kwenye kanga.

Angalia namna alivyoshika. Mdomo uwe wazi sana, kidevu kimegusa titi, mdomo wa chini umepinduka kwa nje, na sehemu kubwa ya weusi wa chuchu iwe ndani, hasa upande wa chini. Ukisikia mlio wa “ta, ta” kila anapovuta, au mashavu yanabonyea ndani, au chuchu inatoka imebonyea upande mmoja, hewa inaingia. Usimvute: ingiza kidole chako kisafi pembeni mwa mdomo ili aachie, umwekee upya. Hata mara nne kwa mnyonyesho mmoja ni sawa.

Kuna mama ambaye maziwa yake yanaruka. Mtoto anapiga mafunda ya haraka, anakohoa, anajitoa, maziwa yanamwagika usoni. Huyu aegemee nyuma, mgongo kwenye mto au ukutani, mtoto alale juu ya kifua chake tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande badala ya kumshukia mtoto kooni. Mchirizi wa kwanza wenye nguvu uache uende kwenye kitambaa kwa nusu dakika, ndipo umrudishe. Na usihamishe titi kwa saa. Mwache amalize la kwanza mpaka aliachie mwenyewe. Akihamishwa mapema kila mara anajaza tumbo kwa maziwa mepesi ya mwanzo yenye sukari nyingi, anapata gesi na choo cha kijani chenye povu.

Anayetumia maziwa ya kopo apime kama kopo linavyosema, kijiko kilichosawazishwa kwa kisu, maji kwanza, unga baadaye. Kuzidisha unga “ashibe alale” kunaleta choo kigumu na tumbo kuuma zaidi. Akitikisa, aache maziwa yakae dakika chache povu lishuke. Chuchu ya chupa ijae maziwa muda wote. Kikombe kidogo ni rahisi kuosha kuliko chupa, na hata mtoto mchanga anaweza kukitumia akiwa ameketishwa wima na maziwa yakiguswa tu mdomoni, bila kumiminiwa.

Kumcheulisha

Kumcheulisha ni kumtoa hewa aliyomeza, na hapa ndipo wengi hulipua. Wanapiga mgongo mara tano, hasikiki, wanamlaza. Mpe dakika 5 hadi 10, katikati ya mnyonyesho na mwisho wake, na mchana ujifunze mkao unaomfaa ili usiku usitafute gizani.

Begani: mpandishe juu hadi tumbo lake, si kidevu tu, liguse mfupa wa bega lako. Mkono mmoja ushike makalio, mwingine umpapase kuanzia kiunoni kwenda juu, au umpige taratibu kwa kiganja kilichokunjwa kama unachota maji. Shingo ishikiliwe.

Mapajani: mketishe upande, kiganja chako kifuani pake, kidole gumba na cha shahada vikishika taya pande mbili bila kugusa koo. Mwegemeze mbele kidogo, mgongo unyooke. Mgongo ukijikunja tumbo linabanwa, na hapo utapata maziwa badala ya hewa.

Dakika kumi zikipita kimya, usimlazimishe. Mlaze chali dakika moja, mnyanyue tena. Mara nyingi hewa iliyokuwa chini hupanda.

Kisha kwa mtoto anayecheua kuna hatua ambayo haifai kurukwa: akae wima kifuani pako dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Wima maana yake mwili umenyooka. Kumketisha kwenye beseni lenye nguo, kwenye kona ya kochi au katikati ya mito humkunja kiunoni, na kucheua kunaongezeka. Nepi ibadilishwe kabla ya kunyonya, si baada. Kuinua miguu ya mtoto aliyeshiba ni sawa na kukamua. Nepi ilegezwe kiasi cha vidole viwili kupita kiunoni.

Kulala ni chali, godoro gumu tambarare, bila mto. Watu huogopa kwamba mtoto anayecheua atapaliwa akilala chali. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo yanayorudi hushuka kurudi tumboni. Kifudifudi na ubavu ndiko kwenye hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kuinua kichwa kwa mto au kanga iliyokunjwa hakupunguzi kucheua, na mtoto huteleza akabaki kidevu kifuani.

Baridi, sweta na jiko la mkaa

Juni na Julai, Njombe, Makete na milima ya Uporoto, mtoto hufungwa fulana, sweta mbili, kofia, shali na blanketi la manyoya. Joto likizidi naye hulia, na hulia jioni hiyohiyo, kisha inasemwa ni mchango. Mpime shingoni kwa nyuma: pakiwa pa uvuguvugu na pakavu, yuko sawa, pakiwa na jasho, toa nguo moja. Mikono baridi si kipimo. Tabaka moja zaidi ya ulilovaa wewe ukiwa ndani linatosha, na ngozi kwa ngozi chini ya blanketi lako inamtosha bila sweta hata moja.

Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtoto, hata kama mkaa umeshika vizuri na hautoi moshi. Mkaa unaotoa joto bila moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, na nyumba iliyozibwa kwa ajili ya baridi inaibakiza ndani. Inaua watu wazima usingizini. Mtoto mchanga ndiye wa kwanza. Pasha chumba moto mapema milango ikiwa wazi, toa jiko nje, ndipo mlale. Moshi wa kuni nao humkera mtoto kifua na kumfanya akohoe na kucheua. Mama asimbebe mtoto wa wiki tatu akipuliza moto.

Kilio kikishaanza

Kagua haraka: njaa, nepi, joto la mwili, na vidole. Vidole kweli. Uzi wa soksi au unywele wa mama ukijizungusha kwenye kidole cha mguu au kwenye uume, mtoto atalia usiku kucha na hakuna wa kugundua. Vua kila kitu, angalia kwenye mwanga.

Kukiwa hakuna, chagua njia moja uifanye dakika 10 kamili. Kosa la kawaida la usiku ni kubadilisha kila nusu dakika: bega, kitanda, bibi, shangazi, taa, titi, mgongo. Mtoto aliyechoka kwa sauti na mikono hapumziki kwa kuongezewa mikono.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni kumbeba kifudifudi kwenye mkono. Shavu lake likae karibu na kiwiko chako uso ukitazama nje, kifua na tumbo vilale juu ya mkono, kiganja chako kishike paja lake kwa ndani. Mkono wa pili ulale mgongoni. Tembea polepole, magoti yakilegea kidogo kila hatua. Uzito wa mtoto mwenyewe unakandamiza tumbo na hewa inatoka chini. Kama amenyonya sasa hivi, subiri nusu saa, maana mkao huu kwa tumbo lililojaa humtapisha. Huyo mfunge kifuani kwa mbeleko, wima, uso ukionekana, kidevu kisiguse kifua chake, karibu kiasi cha kumbusu kichwani bila kuinama. Mgongoni asubiri mpaka shingo ikaze.

Sauti moja isiyobadilika inasaidia kuliko nyimbo. Anayeishi Tukuyu chini ya bati mvua ikinyesha ameshaliona hilo. “Shhh” ndefu karibu na sikio, au redio iliyo katikati ya stesheni, sauti ya chini, mbali na kichwa chake hatua mbili hivi. Punguza taa.

Kumfunga kwa kanga humtuliza mtoto anayejishtua kwa mikono yake. Kipande kimoja kikunjwe mara mbili, mabega yawe usawa wa pindo la juu, mikono ndani, kifuani pabane kiasi cha kiganja kupita. Kuanzia kiunoni kushuka palegee kabisa, magoti yaweze kukunjika na kutanuka. Miguu iliyonyooshwa na kubanwa hudhuru nyonga. Alale chali tu akiwa amefungwa, na akianza kujigeuza, acha.

Kumkanda tumbo ni kazi ya alasiri, kabla ya saa yake ya kulia, angalau dakika 45 baada ya kunyonya. Pasha viganja, weka matone machache ya mafuta ya alizeti au ya nazi. Kanda kwa mzunguko kuelekea unakoenda mshale wa saa ukimtazama: anza chini upande wake wa kulia, panda, pita juu ya kitovu, shuka kushoto. Ndiyo njia ya utumbo mpana. Mizunguko kumi, kisha magoti yote mawili yasukumwe taratibu hadi tumboni, hesabu hadi tano, yanyooshwe. Rudia mara tano. Kitovu kisichokauka kisiguswe. Akikaza tumbo akalia, umechelewa. Acha hadi kesho.

Maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yaliyopimwa kwa kiwiko, huwafaa baadhi. Usiku wa Kitulo mtu akitaka kuogesha mtoto ajiulize mara mbili.

Visivyopaswa kuingia mdomoni

Kwa miezi 6 ya kwanza ni maziwa tu, bila hata maji. Dawa za gesi za chupa zinazouzwa dukani hazijaonyesha kwamba zinashinda muda na kubebwa, na nyingine zina sukari. Maji ya sukari, chai ya tangawizi na mizizi ya kuchemshwa vinachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo la mililita 60 na kuleta kuhara. Asali ni marufuku kabla ya mwaka 1, hata ile safi ya Mufindi, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza misuli. Uji mwepesi “kumzibia njia” asicheue, hapana.

Kuna mawili mengine ya kukataa kwa adabu lakini bila kuyumba, hata anayeshauri akiwa mama mkwe. Kukatwa kimeo hakuponyi kutapika. Kunaleta damu na maambukizi. Na yale yanayoitwa meno ya plastiki ni mbegu za meno ya kawaida yaliyo ndani ya ufizi.

Chakula cha mama kisinyimwe bila sababu. Gesi ya maharage inabaki kwenye utumbo wa aliyekula. Haiendi kwenye maziwa. Mtori, viazi na mboga za majani aendelee navyo. Chai na kahawa vikombe viwili kwa siku vinatosha, kwani kafeini hupita na mtoto mchanga huchelewa kuitoa mwilini. Ulanzi auache, pamoja na ule mtamu wa asubuhi ambao mchana tayari umeshachachuka: pombe inafika kwenye maziwa, na haiyaongezi.

Kitu kimoja cha kuchunguza ni maziwa ya ng'ombe, ambayo Rungwe na Njombe mama mzazi hunyweshwa kwa wingi. Ikiwa mtoto anacheua, analia, na pia ana upele wa ngozi au choo chenye makamasi au damu, ongea na daktari, mama aache maziwa, mtindi na siagi kwa wiki 2 hadi 4, kisha avirudishe. Dalili zikiondoka na kurudi, jibu limepatikana. Zisipoondoka, anywe maziwa yake.

Pale kunapokuwa si mchango

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku kama ni usiku, ukiona: joto la 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, mtoto hanyonyi, amelegea au haamki vizuri, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua kinabonyea ndani, degedege, utosi umevimba, matapishi ya kijani au yenye damu, damu kwenye choo, tumbo limevimba na gumu hata akiwa kimya, uvimbe kwenye kinena usiorudi. Simu ya bure 115, mfumo wa m-mama, huita usafiri wa dharura kwa mama na mtoto mchanga.

Matapishi yanayoruka mbali baada ya kila mnyonyesho, kwa mtoto wa wiki 3 hadi 6 anayetaka kunyonya tena papo hapo na uzito unashuka, si kucheua. Mlango wa kutokea tumboni umebana, na hutibiwa kwa upasuaji. Kilio kilichoanza ghafla leo kwa mtoto ambaye hakuwahi kulia hivyo nacho kipelekwe.

Wiki ya 6 ina mtego wake. Ndiyo kilele cha msokoto wa tumbo, na ndiyo wiki ya chanjo, hivyo chanjo hubebeshwa kilio cha mwezi mzima. Homa na usumbufu wa chanjo huisha kwa siku moja au mbili. Kilio kinachoendelea kila jioni kilikuwa njiani hata bila sindano.

Saa nyingine umefanya yote na mtoto bado analia. Mlaze chali mahali salama, funga mlango, toka nje dakika 5 hadi 10, upate hewa, urudi. Usimtikise kamwe, hata kwa sekunde chache. Ubongo unavuja damu. Pangeni zamu kabla ya jioni: wifi ashike saa moja hadi saa mbili, baba saa mbili hadi saa tatu, na mama alale kweli, chumba kingine, si kukaa akisikiliza. Huzuni isiyoisha kwa mama baada ya wiki mbili, au mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, isemwe kliniki kama joto la mtoto linavyosemwa.

Ukienda kliniki, usiseme tu “analia sana”. Andika siku tatu nyuma ya daftari: saa alipoanza kulia na kunyamaza, alinyonya mara ngapi, nepi ngapi za mkojo (6 au zaidi kwa siku ni nzuri), alicheua rangi gani, mama alikula nini cha maziwa. Muuguzi atafungua kadi aangalie mstari wa uzito. Gramu 20 hadi 30 kwa siku kwa miezi hii ya mwanzo zinatosha. Mstari ukipanda, atakuuliza unavyomcheulisha, na pengine akutake umwonyeshe hapohapo kwenye benchi.